Mita ya LUKU imehamishiwa nguzoni na uniti zinaisha mapema: tatizo ni mita au ni nyumba?

#1 Binti Makorora
Wadau, habari za jioni. Nyumba ya mama yangu ipo Makorora, Tanga, na tangu mwaka 2003 ilikuwa na mita ya LUKU (ya kununua umeme kabla ya kuutumia) iliyofungwa barazani, juu kidogo ya mtungi wa maji. Miezi miwili iliyopita mafundi walikuja wakaing'oa, wakafunga mita mpya kwenye nguzo iliyo nje ya uzio, na mama wakamwachia rimoti ya kuingizia tokeni. Walichosema ni kwamba mita za zamani zimechoka na zinabadilishwa mtaa mzima.

Kabla ya hapo, umeme wa shilingi 20,000 ulimfikisha siku 24. Sasa siku ya 17 rimoti inaanza kulia. Nyumbani kuna friji moja, televisheni, feni mbili na taa. Jiko ni la gesi na hakuna kifaa kipya kilichoongezwa. Je, mita hizi mpya zina kasi kuliko za zamani, au kuna jambo lingine ambalo sisi tusio mafundi hatulioni?

#2 Kipanga wa Pongwe
Jibu ni fupi: mita ya zamani ilikuwa imezeeka. Ndani ya mita kuna kisahani cha alumini kinachozunguka, na miaka ikipita ekseli yake hulika na kushika vumbi, kikazunguka polepole kuliko umeme unaotumika. Mama alikuwa akilipunja shirika la umeme kwa miaka bila kujua, na sasa anahesabiwa sawasawa.

#3 Fundi Kipimo
Mkuu Kipanga, maelezo yako kuhusu kisahani ni sahihi, ila umeyapeleka kwenye mita isiyohusika. Mita ya LUKU ya mwaka 2003 ni ya kielektroniki na haina kisahani chochote. Kisahani kilikuwa kwenye zile mita za kusomwa na msoma mita kila mwezi, kabla ya Lipa Umeme Kadri Unavyotumia. Mita ya kielektroniki nayo huweza kupotoka ikizeeka, lakini si kwa sababu ya ekseli.

Binti Makorora, tuwekee ujumbe wa manunuzi mawili, la kabla na la baada ya mita kubadilishwa. Futa namba ya mita na tokeni, utuachie tarehe, kiasi cha fedha na uniti.

#4 Kipanga wa Pongwe
Nimekubali kosa la kisahani. Kwa babangu mdogo hata hivyo mita ilikuwa ya kisahani kwelikweli hadi miaka michache iliyopita, na ilipoondolewa matumizi yake yalipanda palepale, kwa hiyo hoja yangu ina nyumba yake hata kama si hii.

#5 Binti Makorora
Asante. Nunuo la mwisho la mita ya zamani lilikuwa tarehe 19, shilingi 20,000, uniti 56.1. Nunuo la pili kwenye mita mpya lilikuwa tarehe 2, shilingi 20,000, uniti 51.9. Ni hili la tarehe 2 ndilo lililoisha siku ya 17.

#6 Mhasibu Mstaafu
Hapo sehemu ya jibu imeshajitokeza, na haihusiani na mita. Bei ya kundi la T1, yaani wateja wa kawaida, ni shilingi 292 kwa uniti; ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, unapata shilingi 356.24. Gawanya 20,000 kwa bei hiyo, utapata 56.1 kamili. Sasa toa kwanza shilingi 1,500, ibaki 18,500, kisha gawanya: utapata 51.9. Hiyo 1,500 ni kodi ya jengo, ambayo tangu mwaka 2021 inakatwa kwenye LUKU, ikianza na shilingi 1,000 kwa mwezi na kupandishwa mwaka 2023. Hukatwa kwenye nunuo la kwanza la mwezi. Nunuo la tarehe 19 bila shaka lilikuwa la pili kwa mwezi ule, ndiyo maana halikuguswa.

Hata hivyo, sitaki kuifanya kodi ibebe mzigo wote. Uniti 56.1 kwa siku 24 ni wastani wa uniti 2.34 kwa siku. Kwa mwendo huo, uniti 51.9 zingefika siku 22. Zimefika 17. Siku 5 bado hazina mwenyewe.

#7 Nyota ya Jioni
Mzee wetu, hongera kwa hesabu, maana nilikuwa nimeshaanza kuandika kwamba mita zina jini.

Naomba kuongeza kisa cha mama mkwe wangu, ambacho ni tofauti kidogo. Yeye alikuwa kundi la D1, wale wa matumizi madogo yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao uniti moja ni shilingi 100 kabla ya tozo, yaani 122 kwa jumla. Shilingi 5,000 ilimpa karibu uniti 41. Mita ilipobadilishwa, shilingi 5,000 ileile ikampa uniti 14, na mtaa mzima ukaapa kwamba mita mpya zinakula umeme. Kumbe wakati wa kusajili namba mpya ya mita aliwekwa T1. Alikwenda ofisini mara tatu, na mara mbili za kwanza aliambiwa asubiri mfumo. Mara ya tatu alikaa kwenye benchi hadi saa tisa, akarudishwa D1. Anayeona uniti zimepungua theluthi mbili kwa mkupuo asipoteze muda kuchunguza waya.

#8 Fundi Kipimo
Kisa cha Nyota ni cha kweli na kinatokea, lakini kwa Binti Makorora hakifai, kwa kuwa hesabu ya Mhasibu inaonyesha mama alikuwa T1 tangu mwanzo.

Tupime sasa. Kwenye uso wa mita kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni yake pameandikwa idadi ya mipepeso kwa uniti moja. Nyingi huandikwa 1000 au 1600. Ikiwa ni 1000, kila mpepeso ni sehemu moja ya elfu ya uniti. Zima kila kitu ndani ya nyumba, washa kifaa kimoja tu ambacho wati zake zinajulikana, kisha hesabu mipepeso huku ukiangalia saa. Kifaa cha wati 2,000 kwa dakika 3 kinatumia uniti 0.1, yaani mipepeso 100.

#9 Kipanga wa Pongwe
Mwambie atumie pasi. Kila nyumba ina pasi na wati zake zimeandikwa kwenye kishikio.

#10 Fundi Kipimo
Pasi ndiyo kifaa kibaya kuliko vyote kwa jaribio hili, kwa sababu inajikata yenyewe ikipata moto na kujiwasha ikipoa, na hutajua katika dakika 3 imefanya kazi dakika ngapi. Tumia birika la umeme lililojaa maji baridi, kwa kuwa halijikati mpaka maji yachemke.

#11 Mswahili wa Leicester
Nawasalimu kutoka Uingereza. Huku mita janja zimekuwa gumzo la miaka mingi, na tarehe ya kukamilisha kazi imesogezwa zaidi ya mara moja. Mita za kizazi cha kwanza zilikuwa na kioja chake: ukihama kampuni inayokuuzia umeme, mita iliweza kupoteza uwezo wa kutuma taarifa, ikawa bubu, nawe ukarudi kuisoma kwa macho kama zamani.

Nilitaka hasa kuwakumbusha utafiti wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, wa mwaka 2017. Walipima mita 9 za kielektroniki na 5 kati ya hizo zilisoma zaidi ya umeme uliotumika, iliyozidi sana ikifikia asilimia 582. Kwa hiyo anayedai kwamba mita ya kisasa haiwezi kukosea hajui anachosema.

#12 Fundi Kipimo
Utafiti huo naufahamu na ni wa heshima, lakini usiutaje nusu. Usomaji ule wa kutisha ulipatikana maabarani, taa za kuokoa umeme na za LED zilipounganishwa na swichi za kupunguzia mwanga, ambazo huukatakata mkondo wa umeme hadi kihisio cha mita kikachanganyikiwa. Zilikuwapo pia mita zilizosoma pungufu kwa takriban asilimia 30. Sidhani kama mama Makorora ana swichi ya kupunguzia mwanga sebuleni.

#13 Mswahili wa Leicester
Hana swichi hiyo, lakini ana taa za bei rahisi, na chaja za bei rahisi huuchafua mkondo vilevile. Naliacha kama uwezekano.

#14 Mwana wa Nakuru
Hapa Kenya tunanunua tokeni za stima na malalamiko ni hayohayo, ila sisi uniti hupungua hata mita isipoguswa, kwa sababu ndani ya bei kuna gharama ya mafuta na marekebisho ya fedha za kigeni yanayobadilika mwezi hadi mwezi, kisha VAT ya asilimia 16. Watu wawili wakinunua kwa fedha sawa miezi tofauti, hawapati uniti sawa.

Swali langu kwa mafundi: je, kubadilishwa kwa mita kunahusiana na zile tokeni za mwaka 2024, tulipotakiwa kuingiza namba ndefu mara tatu? Nilisikia mita zilikuwa zinahesabu tarehe tangu mwaka 2000 na nafasi ikajaa.

#15 Dokta Volti
Mwana wa Nakuru, mwaka 2000 ni wa hofu nyingine kabisa, ile ya kompyuta zilizodhaniwa zitalala usiku wa mwaka mpya zisiamke. Tokeni za tarakimu 20 zinazofuata mfumo wa STS, uliozaliwa Afrika ya Kusini, zina muhuri wa muda unaohesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Muhuri huo una nafasi ya dakika 16,777,216 tu, ambazo ni miaka 31 na miezi kumi na kitu, na zilikwisha tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana wateja wa Tanzania, Kenya na nchi nyingi nyingine walipewa makundi mawili ya tarakimu ya kubadili funguo za mita, na kundi la tatu likiwa ndilo umeme wenyewe. Sasa hesabu inaanzia mwaka 2014, kwa hiyo zoezi kama lile linatusubiri Novemba 2045.

Baadhi ya mita za zamani sana hazikuweza kupokea funguo mpya na zililazimika kung'olewa. Kubadili funguo, hata hivyo, hakubadilishi kasi ya mita hata chembe.

Tusichanganye pia mambo mawili. Mita ya tokeni, hata ikiwa mpya inayong'aa, inaweza kuwa kipofu: inapokea namba kutoka kwako na haimwambii mtu yeyote kitu. Mita janja hutuma usomaji na kupokea amri kwa mtandao wa simu au kupitia waya uleule wa umeme, na shirika linaweza kuona, kukata na kurudisha umeme bila fundi kutoka ofisini. Italia walianza mwaka 2001 na wakafunga zaidi ya milioni 30. Aliyekabidhiwa rimoti na kuambiwa ana mita janja aulize vizuri, kwa sababu rimoti pekee si ushahidi.

#16 Mpemba Asili
Na huku kwetu Zanzibar ni TUKUZA, si LUKU, na malalamiko ni ndugu wa baba mmoja na yenu. Jirani yangu aliona mita mpya inakimbia, akamwita kishoka aliyejitia kuwa fundi wa shirika, akatozwa shilingi 30,000 kwa "kuipunguza kasi". Kishoka alifungua kifuniko, mita ikajizima palepale kwa kuwa ina ulinzi wa kuchezewa, naye akaondoka kwa baiskeli akisema anakwenda kuchukua bisibisi. Mpaka leo anaitafuta.

#17 Binti Makorora
Nimecheka peke yangu kama mwendawazimu. Jana nilikuwa Tanga na nimefanya jaribio. Mita imeandikwa 1000. Nilizima kila kitu, nikawasha birika lililoandikwa wati 2,000 na kusimama chini ya nguzo na simu mkononi, watoto wa jirani wakihesabu nami kwa sauti kama wanaocheza rede. Kwa dakika 3 tumehesabu mipepeso 76, si 100. Nilirudia, nikapata 76 tena. Kwa hiyo mita inalipunja shirika? Sasa sielewi kabisa.

#18 Dokta Volti
Mita ipo sawa. Birika ndilo halijapata umeme wake. Wati 2,000 zilizoandikwa ni kwa volti 230. Kwenye rimoti kuna namba fupi ya kuuliza volti, na hutofautiana kwa kila kiwanda, hivyo tazama karatasi iliyokuja nayo. Nabashiri utakuta karibu volti 200.

#19 Binti Makorora
Nimempigia mama akaingiza namba hiyo. Ni 201.

#20 Dokta Volti
Nguvu ya kifaa cha kupasha joto hufuata mraba wa volti. Gawanya 201 kwa 230, zidisha jibu kwa lenyewe, utapata 0.76. Birika lako lilikuwa la wati 1,527, na mipepeso 76 ndiyo hasa iliyostahili.

Tazama upande wa pili pia. Mara nyingi mita zinapobadilishwa, na waya chakavu wa kutoka nguzoni hubadilishwa. Ikiwa kabla ya hapo nyumba ilikuwa ikipata volti 180, basi feni zilizunguka kwa unyonge na taa za kizamani ziliwaka hafifu, vyote vikitumia umeme kidogo. Volti zikipanda, vifaa vilevile vinatumia zaidi. Nyumba inaishi vizuri zaidi na inalipa zaidi, halafu lawama inaiangukia mita.

#21 Mhasibu Mstaafu
Maelezo ni mazuri, lakini friji hufanya kinyume: kwa volti hafifu mota yake huhangaika na kukaa muda mrefu bila kupumzika. Katika nyumba hii friji ndiyo mlaji mkuu. Kwa hiyo volti kupanda kungeweza hata kupunguza matumizi. Siku zangu 5 bado ninazidai.

#22 Fundi Kipimo
Mzee Mhasibu ana haki ya kudai. Kuna jambo lingine ambalo nimelikuta mara nyingi katika nyumba za zamani. Mita nyingi za tokeni hupima mkondo unaoingia kwa waya wa laivu na unaorudi kwa nyutro, na pakiwa na tofauti huhesabu ule mkubwa, ili kuzuia ujanja. Ikiwa nyutro ya nyumba imegusana na ya jirani, au umeme unavuja ardhini kupitia waya uliochoka ukutani, utalipia kitu usichokiwasha.

Binti, rudia jaribio bila birika. Zima meni swichi kabisa, uitazame taa ya mita kwa dakika 10. Isipopepesa hata mara moja, tafuta ndani ya nyumba. Ikipepesa, tatizo lipo kati ya nguzo na meni swichi.

#23 Nyota ya Jioni
Na mumwonee huruma, dada wa watu atasimama chini ya nguzo mpaka mtaa udhani anasubiri basi.

#24 Kipanga wa Pongwe
Mimi bado nina shaka nyingine, na wataalamu wasinicheke. Zamani mama hakuwa na rimoti mezani, alikuwa akitambua umeme umeisha pale giza linapoingia. Je, ana hakika zilikuwa siku 24, au ni kumbukumbu?

#25 Binti Makorora
Kaka Kipanga, mama huandika kila tokeni kwenye daftari la mkaa na maziwa tangu marehemu baba akiwa hai. Siku 24 zipo kwa wino.

Nimerudi na jibu la jaribio la pili, ambalo limenishangaza zaidi. Asubuhi saa tatu, meni swichi ikiwa imezimwa, taa ya mita haikupepesa hata mara moja kwa dakika 10. Jioni saa moja na nusu nilirudia, meni swichi ikiwa imezimwa vilevile, nyumba giza tupu, na nikahesabu mipepeso 5.

#26 Fundi Kipimo
Mipepeso 5 kwa dakika 10 ni wati 30. Kitu kinachotumia wati 30 usiku tu, na hakipitii meni swichi. Zunguka nje ya nyumba. Kuna taa inayowaka?

#27 Binti Makorora
Ipo. Nyuma, juu ya mlango wa choo cha nje, kuna taa inayojiwasha giza likiingia. Ilifungwa na fundi wa marehemu baba zaidi ya miaka kumi iliyopita. Sikuwahi kujiuliza umeme wake unatoka wapi.

#28 Dokta Volti
Basi picha imekamilika kwa upande huo. Fundi yule aliunga taa hiyo kwenye waya unaotoka nguzoni kabla haujafika kwenye mita ya barazani, kwa kuwa ndio waya uliokuwa karibu. Miaka yote hiyo taa ilikuwa nyuma ya mgongo wa mita. Mita ilipohamia nguzoni, taa ikajikuta mbele yake. Sababu mojawapo ya kuzipandisha mita nguzoni ni hiyohiyo, kwamba waya wote kuanzia pale uhesabiwe.

#29 Nyota ya Jioni
Kwa hiyo mama yetu wa Makorora amekuwa akimulikiwa choo kwa hisani ya taifa kwa zaidi ya miaka kumi. Mleta uzi alikuja kushtaki, anaondoka na kesi.

#30 Mhasibu Mstaafu
Kabla hamjasherehekea: wati 30 kwa saa 12 ni uniti 0.36 kwa siku. Uniti 51.9 kwa siku 17 ni 3.05 kwa siku, ukitoa 2.34 za zamani, ongezeko ni 0.71. Taa ya choo imelipa nusu tu ya deni. Nusu nyingine iko wapi?

#31 Fundi Kipimo
Nyutro. Bado nasema nyutro. Kutopepesa asubuhi hakuniondolei shaka, jirani huenda hakuwa amewasha kitu saa ile.

#32 Dokta Volti
Volti, na hasa feni mbili zinazozunguka usiku kucha katika joto la Tanga.

#33 Mswahili wa Leicester
Chaja za bei rahisi.

#34 Kipanga wa Pongwe
Mita ya zamani ilikuwa imechoka, hata kama haikuwa na kisahani. Atakayebisha aniletee ile mita ipimwe.

#35 Mhasibu Mstaafu
Kipanga, leo umesema jambo. Mita iliyong'olewa ndiyo shahidi pekee na haipo tena barazani. Iliyopo, mteja ana haki ya kuomba ipimwe, na asiporidhika na majibu ya shirika anaweza kupeleka malalamiko EWURA kwa maandishi. Binti, ambatisha kurasa za daftari la mama.

#36 Binti Makorora
Nawashukuru nyote. Fundi mwenye leseni anakuja Jumamosi kukagua nyutro na kuihamishia taa ya nje nyuma ya meni swichi, ili izimike pamoja na nyingine. Nimemweleza mama habari ya taa kwa uangalifu mkubwa. Amenyamaza kidogo, akafungua daftari, akaandika tarehe ya leo na maneno "taa ya choo, wati 30", kisha akaniuliza kama kuna balbu ya wati 5.

#37 Mpemba Asili
Mwambie ipo, na Jumamosi utuletee majibu ya nyutro. Fundi akisema anakwenda kuchukua bisibisi, msimlipe kabla.